Rudisha Damu Kwanza

Ozella Bynum alizaliwa na jicho la kuona kosa. Mchungaji akitaja mstari wa Biblia vibaya, sisi wengine tunasema amina, yeye anafungua kitabu na kumwonyesha jirani yake ulipo hasa. Mama yake alikata samaki kiwandani mpaka vidole vikapinda, na kwa vidole hivyohivyo akamsomesha, kwa hiyo hapa Pellum hakuna aliyethubutu kumwambia mtoto huyo apunguze ujuaji. Hata angeambiwa, asingesikia.

Alipokuwa mtu mzima, kliniki ya kusafisha damu ilifunguliwa kando ya barabara kuu, pale palipokuwa na ghala la pamba, na Ozella akawa miongoni mwa mafundi wa mwanzo wa zile mashine. Kazi haikukosekana. Kwetu huku nyandani Mississippi, sukari na presha tunarithi kama wengine wanavyorithi mashamba, na figo ndizo zinazolipa. Mgonjwa anakaa kitini mara tatu kwa wiki, sindano mbili mkononi, damu inatoka, inapita kwenye mashine, inarudi imechujwa. Asipofika, uchafu unabaki mwilini, na mwili hauna subira na uchafu. Ozella aliwadunga walimu waliomfundisha, wajomba zake, na hata mwanamume aliyemwacha akaoa mwingine. Huyo, wanasema, alidungwa taratibu kuliko wote, na ilimuuma kuliko kama angedungwa kwa hasira.

Miaka ya kuinua watu wazima ilimharibu mgongo. Ndipo meneja wa kliniki, Rosalind Keese, akampa meza ya takwimu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mara moja kwa mwezi kila mgonjwa anachukuliwa damu kabla ya mashine na baada ya mashine, maabara inalinganisha, na tofauti ndiyo inayosema mashine imeondoa uchafu kiasi gani. Hiyo ndiyo namba ya usafi. Ozella aliikusanya namba hiyo kwa kila mtu, akaongeza nani amepata maambukizi, nani amelazwa, nani bado anatolewa damu kwa mpira wa shingoni, nani amefariki, kisha akaviingiza vyote kwenye kompyuta ya serikali. Serikali inapanga kliniki kwa nyota. Ukiwa na nyota nyingi unasifiwa, ukiwa nazo chache unakatwa malipo.

Wengi waliiona kazi hiyo kama adhabu. Ozella aliipenda, maana ilimpa makosa ya kutafuta mchana kutwa na mshahara juu yake. Akatengeneza na ukuta. Kila mgonjwa ambaye namba yake ya usafi imefika kiwango, jina lake linabandikwa ukutani na nyota ya karatasi ya dhahabu, na nyota hizo alizikata mwenyewe kwa mkasi nyumbani kwake, mbele ya televisheni. Usicheke. Watu waliokwenda vitani, watu waliolea wajukuu, walikuwa wakiingia kliniki na cha kwanza ni kutazama ukutani. Na namba zilipanda. Zilipanda mpaka kliniki yetu ndogo ikazipita za mijini. Wakubwa wa kampuni inayomiliki kliniki wakaja na keki ambayo nusu ya wagonjwa hawakuruhusiwa kuila, wakapiga picha, Ozella katikati.

Aliyekuwa na nyota nyingi kuliko wote ni Shemasi Thurman Gaines. Alikuwa dereva wa trekta kabla figo hazijafa, na kanisani ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo za zamani, zile zisizohitaji kinanda. Mkewe, Mama Idella, sukari ilimla macho. Shemasi ndiye aliyempikia, aliyemsuka, aliyemsomea gazeti na kutia uongo wake mwenyewe pale habari zilipokosa ladha. Kwa hiyo kila dakika ya kukaa kitini aliiona imeibwa kwa Idella. Namba yake ilipokuwa nzuri mwezi baada ya mwezi, aliomba apunguziwe muda. Daktari Venkat, aliyekuwa akija Jumatano, akamtoa saa nne akampeleka tatu na nusu, kisha tatu.

"Damu yangu mimi inasikia," aliwatambia wenzake kwenye gari la kliniki. "Ikiiona mashine tu inajisafisha yenyewe. Zenu zina kiburi kama nyie."

Wiki ya kwanza ya Desemba ndiyo ilikuwa wiki ya kuchukua damu za mwezi, na mafua yakawalaza mafundi wawili. Ozella akavaa koti la plastiki akashuka kwenye ukumbi wa mashine kusaidia, na mgongo wake mbovu hivyohivyo. Alimkuta Tamekia, fundi kijana mwenye kucha ndefu na moyo laini, akimmalizia Shemasi. Tamekia akafungulia maji ya chumvi, yakaisukuma damu yote iliyobaki mipirani mpaka ikarudi mkononi kwa mzee. Mipira ikawa haina rangi. Kisha, hapohapo kwenye mpira ule, akavuta sampuli.

"Umefanya nini hapo?" Ozella akauliza.

"Si nimechukua damu ya mwisho, Dada Ozella."

"Damu ya mwisho inachukuliwa kabla hujairudisha. Unapunguza mwendo wa mashine, unavuta sampuli, ndiyo unarudisha."

"Hapa tunarudisha kwanza. Wazee wanataka damu yao kwanza."

"Nani kakufundisha?"

"Nimewakuta wanafanya hivi. Wote tunafanya hivi."

Shemasi akafungua jicho moja. "Binti, mwache mtoto wa watu. Damu ile ni yangu. Nirudishieni yote, nikiridhika imeingia, ndiyo niwape hicho kijiko mnachotaka. Babu yangu aliwapa madaktari damu bila kuuliza, na mpaka leo hatujui walikoipeleka."

Wa viti vya jirani wakacheka, na mmoja akasema amina.

Msiba wenyewe ulikuwa hapo, na hakuna mtu mbaya ndani yake. Ozella alipokuwa fundi wazee walilalamika vilevile, naye aliwakemea na kuchukua damu inavyotakiwa. Alipohamia mezani, waliobaki hawakuwa na ulimi wake. Ni watoto waliolelewa kusema ndiyo mama, ndiyo mzee, na mzee akisema nirudishie damu yangu kwanza, ulikuwa utovu wa adabu kumbishia. Wakarudisha. Lakini sampuli inayovutwa baada ya hapo imechanganyika na maji. Ni sawa na kuonja chumvi ya mchuzi baada ya kuuongezea maji. Uchafu unaonekana umepungua, na mgonjwa anaonekana msafi kuliko alivyo. Namba zilizopanda, nyota, keki, picha, vyote vilikuwa maji.

Ozella alibaki amesimama mbele ya kiti cha Shemasi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimtazama yeye badala ya namba yake. Soksi zilikuwa zimezama kwenye miguu iliyovimba. Mikono yote miwili ilikuwa na mistari ya kujikuna.

"Chakula unakionaje siku hizi, Shemasi?"

"Kama nalamba msumari. Idella anasema napika vibaya makusudi ili anibakishie."

Mzee alikuwa hasafishwi. Alihitaji ile saa aliyopunguziwa irudishwe, na irudishwe upesi, maana mtu aliyefika hapo moyo wake huzimika bila kubisha hodi. Hilo Ozella alilijua kama anavyolijua jina lake.

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Rosalind, akafunga mlango, akamweleza yote. Rosalind Keese hakuwa mjinga, na wala hakuwa shetani. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kliniki nzima?"

"Nzima. Tuwachukue tena wote, wiki hii hii."

"Tukiwachukua tena, mwaka unafungwa namba zikiwa chini. Unajua kuliko mimi kinachofuata. Serikali inakata, kampuni inasema Pellum inatutia hasara. Wameshafunga kliniki ya Arden, wameshafunga ya Moss Lake. Hawa watu wetu wataenda wapi? Nusu hawana gari."

"Kwa hiyo tuandike uongo."

"Nani kasema uongo? Nimesema damu za Desemba zimeshachukuliwa. Januari tunawakalisha mafundi chini, tunaanza upya. Zikishuka, zinashuka mwanzoni mwa mwaka, tunao mwaka mzima wa kuzipandisha. Wiki tatu nne tu, Dada Ozella." Akavaa tena miwani. "Mama yangu alikuwa anapelekwa mpaka Jackson kabla hatujapata hii. Unakumbuka alifia wapi."

Ozella alikumbuka. Alifia garini akirudishwa nyumbani, mkanda wa kiti ukiwa bado umemkaza.

"Na Shemasi je?"

"Shemasi mwombee kwa daktari Jumatano. Mguu si unaonekana? Mwambie aongezewe muda kwa ajili ya mguu. Ila habari ya sampuli iache. Ukimwambia Shemasi umeliambia gari zima."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Shemasi Thurman hakuwa na kifua. Siri ukimpa asubuhi, mchana inakurudia ikiwa na vazi jingine.

Funika kombe mwanaharamu apite. Waliosema hivyo walikuwa na aibu ndogondogo za nyumbani kichwani mwao, hawakuwa wanazungumzia damu ya watu. Na Ozella Bynum, mwanamke asiyemwachia hata Mchungaji, alisema sawa. Mpaka leo inatukera kulifikiria. Atakuambia aliwafikiria wagonjwa wasio na gari, na ni kweli aliwafikiria. Lakini ukikaa naye vizuri atakuambia pia kwamba aliifikiria ile picha na keki, na wale wakubwa wakirudi kuuliza ni nani aliyekuwa akituma maji mwaka mzima huku akisifiwa.

Jumatano Daktari Venkat alipita kiti hadi kiti akisukuma kompyuta yake ya magurudumu. Rosalind alikuwa nyuma yake, Ozella kando akiwa na takwimu zake. Daktari alikuwa mtu mwema mwenye haraka, siku hiyo alikuwa na kliniki nyingine zinazomsubiri. Akambonyeza Shemasi mguuni, kidole kikaacha shimo.

"Mzee, haya maji ni mengi. Dada Ozella ananishauri tukuongezee muda. Unaonaje tukirudi saa nne?"

"Saa nne za nini, daktari? Hebu itazame namba yangu."

Daktari akaitazama, akacheka. "Namba yako inawashinda wagonjwa wangu wote. Kwa usafi sina neno. Tatizo langu ni mguu."

"Mguu ni soksi. Idella kaninunulia soksi za mtoto, si unajua haoni."

"Mimi sitakulazimisha. Ukisema ndiyo tunarudisha, ukisema hapana tunaendelea na tatu."

Ozella alikuwa hapo, karibu kiasi cha kumgusa. Ilihitajika sentensi moja, hata nusu yake. Alimsikia Rosalind akivuta pumzi na kuizuia. Akakaza macho kwenye kioo cha kompyuta, kwenye ile namba iliyoandikwa kwa kijani, akaitazama tu, mpaka aliposikia Shemasi akijibu.

"Tatu zinatosha," Shemasi alisema. "Mke wangu ananisubiri."

Daktari akaandika apunguze chumvi na maji, akasogea kiti kingine.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya mashemasi. Ibada ikiisha, kina mama wanapanga meza ukumbini: kambare wa kukaanga, mkate wa mahindi, mboga za majani zilizochemshwa na nyama ya nguruwe ya kuvuta moshi, maharage, viazi vitamu vya sukari na siagi. Karibu kila kinachotufanya tuwe watu wa huku ni sumu kwa mtu mwenye figo zilizokufa, maana kina potasiamu nyingi, madini yanayosimamisha moyo yakizidi, na Jumapili ni siku ya pili bila mashine. Asubuhi hiyo Shemasi alianzisha wimbo, akafika katikati, sauti ikamkatikia, akakaa. Tulidhani ni Roho. Tuliitikia kwa nguvu zaidi ili kumsaidia.

Mezani alikaa mkabala na Ozella, Mama Idella kando yake akimshika kiwiko. Akajipakulia viazi mara ya pili.

"Shemasi, hivyo viazi vipunguze," Ozella akasema.

"Ozella, si wewe unayenibandika ukutani? Ukutani mtakatifu, mezani mwenye dhambi?"

Meza nzima ikacheka. Mama Idella naye akacheka, akauliza mume wake amesema nini tena.

"Nasema kwa wema," Ozella akasema.

"Basi kwa wema huohuo nisogezee na hizo mboga."

Bakuli lilikuwa kwenye kiwiko chake, na watu walikuwa wanatazama. Akamsogezea.

Jumatatu asubuhi gari la kliniki lilifika bila Shemasi. Dereva aliingia na kofia mkononi, akasimama pale kwenye mizani ya kupimia wagonjwa kama aliyepotea. Alisema amepiga honi, hakutoka mtu. Akashuka kubisha, Mama Idella akaja mlangoni akipapasa ukuta, akasema Thurman amelala, anamwita tangu kuamka na haitiki, ni utani wake tu, hebu ingia umwambie gari limefika. Dereva akaingia. Mzee alikuwa wa baridi. Mkewe alikuwa amemfunika vizuri na kumwekea kahawa karibu na kitanda.

Tamekia alilia waziwazi huku akiwafunga watu mashine. Ozella hakulia. Alikaa mezani kwake, maana kifo nacho ni takwimu, kinaripotiwa. Kompyuta ikamuuliza jina, ikamuuliza chanzo, akaandika moyo. Mahali pa namba ya mwisho ya usafi pakajijaza penyewe, kijani. Kwa hesabu za serikali, Shemasi Thurman Gaines alikufa akiwa msafi kuliko mtu yeyote Pellum.

Kesho yake akavaa koti la plastiki na kushuka ukumbini bila kumwomba mtu ruhusa. Alipita kiti kwa kiti, zamu kwa zamu, siku hiyo na iliyofuata, na kila mashine ilipofika mwisho alisimama hapo mwenyewe.

"Leo sampuli kwanza," alimwambia Bibi Earline, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na mkali kuliko wote. "Damu itarudi baadaye."

"Mimi hilo sikubali, mwanangu. Shemasi pia hakukubali."

"Ndiyo maana hayupo, Bibi."

Bibi Earline akageuza uso na kunyoosha mkono. Habari ikatembea ukumbini bila Ozella kuirudia. Rosalind alisimama mlangoni mwa ofisi yake, mikono kifuani. Angeweza kumfukuza palepale, na hakumfukuza.

"Umetumaliza," alimwambia jioni, wakitafuta funguo za magari yao uwanjani.

"Huenda."

"Si huenda. Mimi niliomba wiki tatu tu, Ozella. Na wewe ulizikubali."

Ozella akafungua gari.

Namba zilirudi kutoka maabara, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa chini ya kiwango. Akazituma zilivyo, na maelezo ya jinsi damu ilivyokuwa ikichukuliwa. Daktari Venkat alipozisoma alikaa chini kwenye kiti cha mgonjwa, kisha akaanza kurudisha saa za watu mmoja mmoja. Watu walinung'unika, wakamlaani Ozella na mgongo wake, lakini miguu ilianza kupungua uvimbe na chakula kikarudi kuwa chakula. Wapo wanaotembea leo hapa mjini ambao wasingekuwepo, na hilo lazima lisemwe.

Na hili nalo lazima lisemwe. Nyota zilianguka. Kufikia wakati wa kupanda pamba, kampuni ilifunga zamu ya jioni na kumwondoa Rosalind. Waliokuwa zamu hiyo sasa wanakwenda Jackson, wale wanaopata gari. Bibi Earline alikuwa miongoni mwao. Alikwenda mwezi mmoja, akasema amechoka na barabara, akabaki nyumbani, tukamzika kabla ya joto kuanza. Rosalind alikuwa amesema kweli, na ukweli wake haumfai mtu yeyote.

Lakini kabla ya hayo yote, mwezi wa Januari, Mchungaji alihubiri juu ya mficha maradhi na kifo kinavyomfichua. Akamsimamisha Ozella mbele ya kanisa na kumwita mwanamke wa kweli. Tulipiga makofi, na tulikuwa tunampigia kwa moyo mmoja, kwa kuwa tulichojua sisi ni kwamba aligundua kosa baada ya msiba na kulitoa hadharani. Ozella alichukua mkoba wake akatoka katikati ya makofi. Wengine walisema ni unyenyekevu.

Alikwenda nyumbani, akapasha sufuria ya supu ya kuku aliyoipika jana yake, akaifunga kwa taulo na kuipeleka kwa Mama Idella. Mama hakuwa amefika kanisani, hakuwa na wa kumleta. Alikuwa amekaa karibu na hita ya gesi, nywele zake zimesukwa ovyo na mpwa asiyejua kusuka. Ozella akakaa bila kuvua koti, akaeleza tangu mwanzo: maji, sampuli, ofisi ya Rosalind.

"Namba yake haikuwa ya kweli, Mama Idella. Na nililijua hilo kabla ya ile Jumatano ya daktari."

"Kabla."

"Ndiyo, mama."

Mama Idella alipapasa blanketi magotini, akalinyoosha, akalinyoosha tena.

"Siku ile alirudi akanisimulia," akasema. "Alikuwa ananisimulia kila kitu, si unamjua. Akasema daktari anataka kumrudisha kwenye saa nne. Nikamwambia, si ukubali, Thurman, miguu yako mimi naishika, najua ilivyojaa. Akasema, 'Nilitaka kukubali. Nikamtazama Ozella kwanza. Yule hajawahi kuona kosa akanyamaza. Nikaona kanyamaza, nikajua nipo salama.'"

Hita ilikuwa ikiunguruma. Ozella akatambua kwamba bado ameipakata sufuria ya supu.

"Sasa nakuuliza kitu kimoja tu, binti yangu. Alipokutazama, wewe ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa naitazama namba yake, mama."

Mama Idella akaitikia kwa kichwa, taratibu, akiwa ameuelekeza uso kwenye hita.

"Haya," akasema. "Supu iache hapo jikoni. Na mlango uuvute kwa nguvu ukitoka, haushiki. Thurman ndiye aliyekuwa anauweza."